"Ni muzuri, lakini ni ya bale": vipande 60 vya kitenge vilivyogoma kuuzika Lubumbashi

Jumamosi moja ya Julai, mwenye duka la vitenge aliketi katika ukumbi wa harusi mjini Lubumbashi akawa anahesabu wanawake waliovaa kitenge kimoja. Alifika 83 akaacha, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeletwa. Siku kumi na mbili baadaye alituma pesa Dar es Salaam kuagiza vipande 60 vya kitenge hicho hicho. Hadi katikati ya Oktoba alikuwa ameuza 12.

Mama huyu namfahamu kwa miaka kadhaa. Mimi huwasaidia akina mama wa likelemba yao, kikundi cha kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu, kuandika hesabu za biashara, na ushauri mmoja mbaya katika kisa hiki ulitoka kinywani mwangu. Amekubali kisimuliwe ili wenzake wajifunze. Nimeondoa majina, komini, mahali pa duka, na hata rangi ya kitenge chenyewe, kwa sababu kwa rangi tu watu wengi wa mjini wangeitambua harusi. Jambo hilo la kitambaa kutambulisha harusi lishikeni, tutalirudia.

Usuli

Duka ni dogo: mteja wa tatu akiingia, wa kwanza inabidi atoke. Anauza vitenge vya bei ya chini na ya kati, vinavyotengenezwa China na kupitia Kariakoo. Mzigo unapanda lori Dar es Salaam, unavuka mpaka Tunduma, unaikata Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kisha unaingia Lubumbashi. Vitenge vya Uholanzi, vile vya Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond mwaka 1846, anavyo viwili vitatu tu ukutani, kwa mteja wa mahari anayetaka ukwe uone kitu cha uzito.

Kipande kimoja ni yadi sita, karibu mita tano na nusu. Kwa ushonaji wa kawaida yadi hizo zinatoa blauzi, kikwembe cha kufunga, kikwembe cha pili cha juu, na kitambaa cha kichwa. Hesabu hii ya yadi nayo itarudi.

Ili kisa kieleweke lazima tuseme neno juu ya nafasi ya kitenge kwetu. Nchi yetu ya Kongo ilipobadilishwa jina kuwa Zaire mwaka 1971, siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, ya kurudi kwenye mila zetu, iliingia mpaka kabatini: wanaume wakavuliwa suti na tai wakavishwa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na mawigi. Tai zilirudi shingoni baada ya hotuba yake ya Aprili 1990. Suruali za wanawake nazo zilirudi. Lakini kitenge hakikurudi nyuma hatua hata moja. Kilibaki ndiyo nguo ya heshima: ya harusi, ya matanga, ya kanisa, ya Machi 8, siku ya wanawake. Wengine walioandika kuhusu mavazi ya Kongo wamewaangalia zaidi wanaume wa Sape, wale wanaojulikana kwa kuvaa kifahari, na viatu vyao vya Paris, nami sina ugomvi nao, ila pesa nyingi ya nguo katika familia ninazozijua inapita kwenye mikono ya akina mama, na inapita kwa njia ya kitenge.

Na kitenge hicho, mara nyingi, kinanunuliwa kwa sare. Familia ya harusi inachagua kitambaa, tangazo linawekwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na bei na tarehe ya mwisho ya kulipa, mama mmoja anakusanya pesa. Usiponunua, utaonekana kwenye picha kama mtu aliyepita njia. Kwa hiyo unanunua.

Mambo yalivyofuatana

Harusi ilikuwa ya kiangazi, msimu ambao Lubumbashi kuna baridi ya asubuhi, vumbi, na harusi kila wikendi. Kitenge kilipendeza kweli. Nimekiona, kilikuwa na maua makubwa yaliyochorwa vizuri, na wino wake ulitokea upande wa pili karibu sawasawa na upande wa mbele, dalili ambayo mama yeyote anayejua vitambaa huitafuta kwanza.

Kwa siku kadhaa baada ya harusi picha zilijaa kwenye stetasi. Mwenye duka aliona kitenge asubuhi, akakiona jioni. Wanawake wawili walipita dukani wakauliza kama anacho. Kwa macho yake ilikuwa wazi: mtindo umeshika, na anayewahi ndiye anayekula.

Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Alichukua pesa yote akaiweka kwenye mzigo mmoja: vipande 60, dola 9 kila kimoja Kariakoo, na kwa usafiri na ushuru vikafika dukani kwa dola 12. Jumla 720. Alipanga kuuza kwa dola 18.

Mzigo ulikwama siku kadhaa Kasumbalesa, ukafika wiki ya kwanza ya Septemba. Alivitundika mlangoni, mahali pa kwanza jicho linapotua.

Nilikaa dukani asubuhi mbili mwezi huo, na nililoliona lilijirudia karibu bila kubadilika. Mwanamke anaingia. Anakishika kitenge, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kusikia kama kina wanga mwingi. Anakigeuza kuona upande wa pili. Anajitupia begani, anaenda kwenye kioo kilichofungwa nyuma ya mlango, anageuka kulia, anageuka kushoto. Uso unafurahi. Halafu anakishusha taratibu, anakikunja vizuri kuliko alivyokikuta, anakirudisha. Mmoja wao, mtu mzima, mwenye duka alimwambia, "Yaya (yaani dada mkubwa), kimekupenda." Akajibu:

"Ni muzuri sana, mama, lakini ni ya bale."

Ya bale. Ya wale. Wakati ule hatukulisikia neno hilo. Tulisikia "muzuri sana", tukadhani kilichobaki ni bei.

Ndipo nikatoa ushauri wangu: ushuke. Wiki tatu za kwanza alikuwa ameuza 7 kwa dola 18. Tuliposhuka hadi 15, vilitoka 3. Tuliposhuka hadi 12, bei ya kununulia, vilitoka 2. Mmoja wa wale wa dola 18 alirudi na kitenge chake kikiwa tayari kimeshonwa, akasimama mlangoni mbele ya wateja wengine akasema amefanywa mjinga. Alikuwa na haki. Mwenye duka alimrudishia dola 3 na kumwomba radhi, lakini maneno yalishatoka nje.

Daftari

Mwanzoni mwa Oktoba tuliacha kugusa bei. Nilimwomba mwenye duka na binti yake waanze daftari: kila anayeingia, ameshika nini, amesema nini, ameondoka na nini. Si hesabu ya mauzo tu, ile alikuwa nayo. Nilitaka hesabu ya wasionunua. Binti, aliyekuwa anasubiri masomo ya chuo yaanze, aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Aliandika maneno ya watu kama walivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, bila kuyasafisha.

Baada ya wiki mbili tulikaa kuyasoma. Kuhusu kitenge hiki, karibu hakuna aliyetaja bei. Waliandikwa wakisema: "Hii njo ile ya ndoa." "Batasema nilikuwa ku ndoa, na habakuniita." "Niko nayo, nilivaa siku ile, nitavaa tena ya nini?" Mmoja alisema angependa kukinunua lakini mama mkwe wake hapatani na familia ile. Fikiria hilo: kitambaa kilichotengenezwa China, kikavuka bahari na nchi mbili, kinakataliwa Lubumbashi kwa ugomvi wa ukoo.

Kitu cha pili kwenye daftari hatukukitafuta. Wateja kumi na mmoja katika wiki hizo mbili waliulizia kitambaa kisicho na maua, cha rangi moja, mita moja na nusu. Duka halikuuza kitambaa hicho. Binti aliandika kila mara: "Hatuna." Mara ya saba au ya nane aliuliza cha nini. Jibu: cha mikono.

Tulikwenda kwa fundi, anayeshona barazani hatua chache kutoka dukani. Alikuwa ameinama juu ya cherehani, na mezani kulikuwa na mikono minne ya blauzi, mikubwa, imevimba begani kama mkate uliochachuka, ndani yake amebandika kile kitambaa kigumu kinachowekwa kwenye kola za mashati ili isimame isilale. Alisema tangu Julai hashoni kitu kingine. Wanakujaje? Akatuonyesha. Mteja anafungua simu, anatoa picha ya harusi, ile ile, anaipanua kwa vidole viwili mpaka uso wa mwenye nguo unatoka nje ya kioo, maua ya kitenge yanakuwa ukungu, linabaki bega. "Nishonee hii."

Nilisimama pale nikaona kosa letu lote. Mama wa duka alikwenda harusini akaangalia kitambaa. Wageni wenzake walikwenda wakaangalia mikono.

Maamuzi matatu

La kwanza: kitenge kitoke Lubumbashi. Kama tatizo ni kwamba watu wanaijua harusi, basi kiende mahali ambako harusi haijulikani. Mwenye duka ana dada katika mji wa Kolwezi, anayeimba kwaya. Tulituma kipande kimoja na picha ya kitambaa peke yake, kimetandikwa kitandani, bila mtu ndani yake. Hatukuficha kwamba kilikuwa sare ya harusi. Dada alijua na akawaambia wenzake. Haikuwahusu. Kwaya ilikuwa inatafuta sare ya Krismasi. Vipande 26 vilikwenda kwa dola 14.

La pili: kuuza mikono. Alinunua robota moja ya kitambaa cha rangi moja, mita 30, kwa dola 1.80 mita, akauza kwa dola 3. Alikubaliana na fundi: fundi anamtuma mteja dukani, mteja akirudi na kitambaa fundi anampunguzia kidogo bei ya kushona. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Wanaonana kila siku, inatosha.

La tatu lilileta ubishi. Vilikuwa vimebaki vipande 22 na mimi nilitaka vishushwe tena, viishe. Yeye alikataa. Alisema bei ikizidi kushuka, duka lote litaonekana la kushuka. Akachagua kuvikata 13 vishonwe nguo za watoto, kwa sababu mtoto hana harusi aliyokosa kualikwa. Alikuwa sahihi, na hakuhitaji nadharia yoyote kulijua hilo. Baada ya kumlipa fundi, kila kipande kilimwachia dola 10.

Matokeo

Hesabu ya mwisho wa Desemba: vipande 7 kwa 18 ni 126, 3 kwa 15 ni 45, 2 kwa 12 ni 24, 26 kwa 14 ni 364, toa 30 za usafiri wa Kolwezi, 13 vya watoto ni 130. Jumla dola 659. Dola 3 za kumrudishia mteja zikitoka, 656. Kwenye mzigo uliogharimu 720, amepungukiwa 64, na vipande 9 bado vipo.

Robota za kitambaa cha mikono ziliuzwa tatu hadi Krismasi, na ya kwanza iliisha ndani ya siku nane. Kila robota ilimwachia dola 36, jumla 108. Pengo la kitenge likazibwa, zikabaki 44. Kwa karatasi, hakupoteza. Kwa maisha, pesa ya likelemba ililala zaidi ya miezi mitatu katika kipindi ambacho ingezunguka mara mbili, na ada ya muhula wa kwanza ya mtoto wa tatu ililipwa kwa mkopo. Hilo sitalifunika kwa kusema mambo yaliishia vizuri.

Uchambuzi

Watu 83 walivaa kitenge kile. Waliokichagua ni wangapi? Niliuliza. Mama mdogo wa bibi harusi alinieleza: walikaa watu watatu, jioni moja, na picha sita kwenye simu. Bibi harusi alitaka rangi nyingine. Walikubaliana juu ya hiki kwa sababu kilikuwa cha bei ambayo shangazi wa kijijini angeiweza. Basi. Macho ya mwenye duka yaliona wanunuzi 83, na ukweli ni kwamba ulikuwepo uamuzi mmoja, wa watu watatu, na sababu yake kubwa ilikuwa bei. Wanawake tisa waliohudhuria tuliwauliza kama wangekichukua wenyewe bila harusi. Wawili walisema ndiyo.

Hili ndilo nataka mfanyabiashara wa nguo wa mji huu alishike. Kwenye miji ambako kila mtu ananunua nguo yake kivyake, wingi wa wanaovaa ni kipimo cha kupendwa. Kwetu nguo nyingi zinazoonekana kwa wingi zimenunuliwa kwa kundi. Barabarani Machi 8 utaona mamia wamevaa kitenge kimoja. Ukikiagiza Machi 9 umeagiza jana. Hesabu maamuzi, usihesabu miili.

Na uamuzi mmoja wa kundi una nguvu zake, angalia Kolwezi. Miezi miwili ya kusubiri mlangoni ilitoa vipande 12. Kikao kimoja cha kwaya kilitoa 26. Ni tabia ile ile ya sare, mara ya kwanza ilituumiza kwa sababu tulifika baada ya uamuzi, mara ya pili ilituokoa kwa sababu tulifika kabla yake.

Kwa nini basi bei haikusaidia? Mchumi Harvey Leibenstein aliandika mwaka 1950 juu ya watu wanaonunua kwa kuangalia wenzao: wapo wanaotaka kitu kwa sababu wengine wanacho, wapo wanaokiacha kwa sababu wengine wanacho, na wapo wanaokitaka kwa sababu ni ghali. Nilijaribu kuwaweka wateja wetu katika vyumba hivyo na hawakuenea. Yule mtu mzima aliyekirudisha kitenge hakukikataa kwa kuwa kimekuwa cha wengi. Alikikataa kwa kuwa kimekuwa cha watu fulani. Kitambaa kilikuwa kimepata jina. Vitenge kwetu hupata majina: wafanyabiashara wanawake wa Afrika Magharibi, wale walioitwa Nana Benz kule Lomé, walijua kwamba kitambaa chenye jina kinatembea haraka, na majina kama "Mume wangu anaweza" au "Ukitoka, nami natoka" yaliuza mzigo kuliko maua yenyewe. Kanga za pwani nazo zimebeba maneno yake. Jina zuri ni la yeyote anayelivaa. "Cha harusi ya fulani" ni jina linalomtoa nje kila asiyekuwepo. Ukishusha bei ya kitu kilichokwama kwa jina, jina halibadiliki. Unaongeza la pili, "kilichokosa watu". Kupunguza bei kulikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Mikono ndiyo sehemu iliyonifundisha zaidi. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, alisema mwaka 1904 kwamba mitindo inaishi kwa haja mbili zinazovutana ndani ya mtu yule yule: kufanana na wenzake, na kutofautiana nao. Harusi ya sare inalipa haja ya kwanza kikamilifu, kwa lazima. Ya pili inabaki na njaa. Wanawake 83, kitambaa kimoja; mtu ataonekana kwa lipi? Kwa mshono. Ndiyo maana kila mmoja alikwenda kwa fundi wake, na ndiyo maana ukumbini macho yao hayakuwa kwenye maua, walishayajua wiki tatu nyumbani. Yalikuwa begani kwa mwenzao. Sare ilifanya kazi kama ubao mweupe: kila kitu kimelinganishwa, tofauti moja tu ikabaki kuonekana, na tofauti hiyo ikasambaa. Ukitaka kujua mtindo unaokuja Lubumbashi, nenda kwenye harusi ya sare, lakini uangalie kila kitu isipokuwa sare.

Mikono mikubwa ilibadilisha pia hesabu ya yadi sita. Kila jozi inakula zaidi ya yadi moja. Kwa hiyo ama kikwembe cha juu kinatolewa, na wasichana wengi wamekitoa bila majuto, ama mikono inashonwa kwa kitambaa kingine. Hapo ndipo pesa ilipokuwa: kwenye mita moja na nusu ambayo mshono uliidai. Mtindo mara nyingi hauuzi kile kinachoonekana mbele, unauza kile kinachohitajika ili uwezekane. Fundi alilijua hili tangu Julai. Anakaa hatua chache kutoka dukani. Hakuna aliyemuuliza.

Niseme pia juu ya mafundi wenyewe, kwa sababu watu hudhani wanafuata tu picha. Mwanasosholojia wa Marekani Herbert Blumer alieleza mwaka 1969 alivyowaona wanunuzi wa maduka kwenye maonyesho ya mitindo Paris: mavazi zaidi ya 100 yanapita, nao bila kushauriana wanaangukia yale yale sita hadi nane. Alisema ni kwa sababu wanaishi ndani ya mazungumzo yale yale, wanaangalia vitu vile vile. Mafundi wa baraza moja ni hivyo hivyo. Fundi wetu alikiri kwamba wateja humletea picha za kila aina, kutoka Lagos, Abidjan, Kinshasa, na yeye ndiye anayesema "hii itakupendeza, ile hapana". Kwa kila picha kumi anashona labda mbili tatu za aina. Fundi ni mlango, na mwenye duka la vitenge asiyekunywa chai na fundi anauza akiwa amefumba macho.

Lipo swali la haki: je, si Septemba tu iliyotuua? Septemba pesa yote inakwenda shule, mashati meupe, sketi na suruali za buluu, daftari, ada. Mama asiyekuwa na kitenge kipya hafi. Mtoto asiye na sare ya shule anarudishwa nyumbani. Msimu ulichangia, hilo halina shaka, na kuagiza mwishoni mwa Julai mzigo utakaofika Septemba lilikuwa kosa la pili lililopanda mgongoni mwa la kwanza. Lakini daftari linaonyesha vitenge vingine vya bei hiyo hiyo, kwenye rafu ya nyuma, viliendelea kutoka pole pole wiki zile zile. Kilichotundikwa mlangoni ndicho kilichokaa. Na Oktoba ilipopita na mifuko ikalegea kidogo, Lubumbashi bado haikukitaka, Kolwezi ikakitaka. Kwa hiyo msimu naupa sehemu, jina nalipa sehemu kubwa.

Kosa langu lilikuwa la haraka. Nilisikia mtu akisifu kitu na kukiacha, nikajaza mwenyewe sababu iliyokosekana, kwa sababu bei ndiyo kitu ninachojua kukihesabu. Neno "ya bale" lilisemwa mbele yangu mwezi mzima kabla sijalisoma kwenye daftari la msichana wa miaka kumi na tisa.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni daftari la wasionunua. Wameendelea nalo. Februari waliandika wateja wawili wanaotaka mikono ipunguzwe, "isivimbe sana", na mwenye duka akaacha kuagiza robota ya tano. Mwezi huo huo alikuja mjumbe wa chama kimoja kutafuta kitenge cha Machi 8. Kabla ya kutoa bei alimuuliza mko wangapi na nani anachagua. Alipoambiwa kikao ni Jumapili, aliomba kuhudhuria na sampuli zake nne.

Vile vipande 9 viliwekwa rafu ya juu. Siku chache baada ya Machi 8 mama wa bibi harusi aliingia dukani, akaviona, akasimama kimya kidogo. Alichukua viwili, vya kumbebea mjukuu anayetarajiwa, na hakuomba apunguziwe. Vimebaki 7.